Pembe Moja Iliyobaki Karibu na Jicho

Mama Felista,

Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba barua ya heshima huanza kwa kuulizia hali ya mwandikiwa, ndipo mwandishi aeleze ya kwake. Naomba radhi, leo nimeiruka sehemu hiyo ya kwanza. Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu nilipomaliza chai, nikitafuta maneno ya kuijaza, na sikuyapata. Basi nitaanza na ya kwangu. Mimi ni mzima. Nina kovu jipya kati ya jicho la kushoto na sikio, lenye umbo la ndoana, na jicho lenyewe bado linaona. Ndilo linaloiongoza kalamu hii.

Ningekuandikia mapema zaidi, ila nilikuwa na jambo la kuungama, na wewe unajua nilivyo mzito wa kuungama kwa mtu anayenifahamu. Kwa padre ni rahisi. Yuko nyuma ya kitambaa, na nje kuna foleni. Kwako sina pa kujificha. Nilivunja amri yako, mke wangu. Ulinipa amri moja tu katika maisha yetu yote, na nimeivunja mbele ya kaburi lako.

Unaikumbuka siku uliyoitoa. Ndoa yetu ilikuwa na wiki mbili. Tulitoka kanisani, nami nikawavulia kofia wazee wa kigango mmoja baada ya mwingine, nikasimama kichwa wazi huku nikiwauliza habari za watoto, za ng'ombe na za mashamba. Ulingoja mpaka tukafika nyumbani, ukasema, "Kuanzia leo kofia yako haivuliwi nje ya nyumba. Anayetaka heshima, mpe kwa mdomo." Nikakujibu kwamba Bruda aliyetufundisha darasa la nne alisema muungwana hutambulikana kwa kuvua kofia. Ukaniuliza, "Huyo Bruda ana ngozi kama yako?" Nikasema ni Mzungu. "Basi na yeye avae," ukasema, ukaingia jikoni.

Miaka arobaini na mmoja nilitii, au nilijitahidi kutii. Ulinishonea kofia za khaki zenye ukingo wa tabaka mbili, na katikati ukaweka kipande cha mfuko wa mbolea ili upepo wetu usiupinde. Tukienda Mpui asubuhi ulitembea upande wa jua, na tukirudi jioni ulihamia upande wa pili. Watu walidhani tunabadilishana nafasi kwa mapenzi. Hawakukosea sana. Na ile miaka mibaya, watu wenye ualbino tulipokuwa tukiwindwa kama wanyama, ulinisindikiza mpaka mlango wa ofisi ya parokia, ukakaa nje kwenye benchi ukichambua ulezi, na panga lako likiwa chini ya kanga. Mimi humo ndani nilikuwa nikiandika vyeti vya ubatizo kwa mwandiko mzuri. Sikuwahi kukushukuru kwa kiasi kinachofaa. Nilidhani tuna muda.

Kila Jumamosi, baada ya kuoga, ulinikalisha dirishani. Ulianza na masikio, ukaja shingoni, kisha mikono, kisha uso. Hukutumia macho tu. Ulipitisha ncha za vidole polepole, na palipokwaruza ulisimama. Mara tatu ulinipeleka hospitali kwa vijipele ambavyo mimi niliviona havistahili nauli, na mara zote tatu madaktari wakavitoa wakasema vizuri mmewahi. Nilikuwa nikikutania kwamba unanikagua kama mbuzi wa mnadani. Ulijibu, "Mbuzi hakaguliwi na anayempenda."

Sasa niseme la kaburini.

Ulizikwa Julai. Unaijua Julai yetu. Upepo unateremka kutoka milima ya Mbizi ukiwa na meno, watu wamejikunyata ndani ya makoti na mablanketi, na jua liko juu ya vichwa bila mtu kulihisi. Hilo ndilo jua la Ufipa; halikuambii linachofanya. Jeneza lilipowekwa chini, kaka yako Apolinari, aliyekuwa amefika kutoka Mwimbi usiku wa kuamkia siku hiyo, aliniinamia akaninong'oneza, "Shemeji, kofia." Wanaume wote walikuwa wamekwisha kuvua. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomwambia mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Nami niliivua upesi, kwa aibu ya kukumbushwa.

Hotuba zilikuwa tisa. Mbili zilikuwa za mtu mmoja. Ilisomwa historia yako, ikasema jumuiya, ikasema kwaya, ikasema serikali ya kijiji, yakawekwa mashada kwa kuitana majina, na mimi nilisimama pale na kofia yako mikononi, kifuani, kama mtu anayeomba kazi. Jioni uso uliniwaka. Nikadhani ni kilio.

Ningekuwa nimekosa siku ile moja tu, ningejisamehe. Lakini baada ya hapo kila Jumapili, Misa ikiisha, nilikuja kwako saa sita mchana. Nilikusomea zaburi ya siku hiyo, nikakupa habari za nyumbani, na muda wote huo nilikuwa kichwa wazi, maana niliona haya kusimama mbele yako nimevaa kofia kama mtu anayepita njiani. Naomba ulitazame jambo hilo jinsi lilivyo: nilikuheshimu kwa kuvua kitu ulichonishonea ili nisife. Mtu mwenye elimu yangu! Hakukuwa na Jumamosi tena, hakukuwa na vidole. Nilioga, nikavaa, nikatoka.

Kipele kilianza kando ya jicho la kushoto, kama punje ya ulezi. Kikawa kama punje ya hindi. Kilitoa gamba, gamba likadondoka, pakatoka damu kidogo, nikafuta, nikasema ni mto umenikwaruza. Kilipokuwa kikubwa kiasi cha kuonekana, nilianza kuvaa kofia ndani ya nyumba ili nikifiche. Unaona adhabu ilivyokuja: nje navua, ndani navaa.

Kofia hiyo ndiyo iliyonifichua. Felista alikuja kutoka Matai wakati wa Pasaka. Alipika, tukaketi, nikasali sala ya chakula, na nilipoinua uso akawa ananitazama bila kushika kijiko. "Baba," akasema, "tangu lini wewe unavaa kofia mezani?" Nikasema nahisi baridi. Mtoto wako aliinuka, akaja upande wangu, akaishika kofia kwa vidole viwili kama wewe ulivyokuwa ukiinua kifuniko cha chungu. Akatazama. Akairudisha. Akasema, "Kula, baba. Kesho tunakwenda Sumbawanga." Kisha akaingia chumbani mwetu, na nilimsikia akilia ndani ya nguo zako zilizobaki.

Hospitalini walinyofoa kipande kidogo wakakipeleka kupimwa, na majibu yalipokuja yalikuwa saratani ya ngozi. Daktari wa pale alikuwa muungwana. Alinieleza bila kunificha. Kwa njia ya kawaida, alisema, hukatwa kidonda pamoja na ukanda mpana wa nyama nzima kukizunguka, kwa sababu mkataji haoni mizizi imefika wapi. Mahali pengine mwilini si neno. Lakini changu kilikuwa upana wa kidole kutoka kona ya jicho, na ukanda huo ungekula kope, na huenda jicho lenyewe. Nawe unajua la kulia lilizimika zamani. Nilimwuliza, kwa adabu, kama anamaanisha kwamba nitapona nikiwa kipofu. Akasema, "Mzee, ndiyo maana sikukati hapa."

Alijua kwamba mwezi wa nane daktari bingwa wa ngozi angekuwepo kwa wiki mbili katika hospitali moja ya huko Mbeya, akiwa na chombo cha kugandisha nyama na hadubini pembeni, ili kinachokatwa kikaguliwe hapohapo mgonjwa akiwa bado anangoja. Akatuandikia rufaa. Nilimwambia Felista sipendi kusumbua watu kwa ajili ya jicho moja la mzee. Alipanga begi. Ndani ya basi, kabla hatujafika Laela, aliniomba nihame nikae upande wa kivuli, yeye akakaa dirishani kwenye jua. Sikumfundisha hilo. Nadhani wewe pia hukumfundisha kwa maneno.

Daktari huyo ni mwanamke, umri wa Felista wetu. Alinipigia magoti kidogo akasema shikamoo, nami moyo ukatulia. Alichukua karatasi akachora upande wa uso wangu kama ramani: sikio hapa, nyusi hapa, kidonda katikati, na akakigawa kwa mistari kama uso wa saa. "Baba," alisema, "ugonjwa huu una vidole. Juu unaona kidonda kidogo, chini vidole vimeshatambaa. Nitakata kipande chembamba. Nitakipaka wino wa rangi, nyekundu upande huu, bluu upande huu, ili nijue kipi kilikaa wapi. Mwenzangu wa maabara atakigandisha, atakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, nami nitautazama ukingo wake wote, chini na pembeni. Nikikuta kidole kimebaki, narudi pale tu kilipobaki. Sigusi kwingine."

Nikamwambia ni kama kung'oa magugu ya sangari kabla ya kupiga matuta: ukiacha kipingili kimoja, umepanda upya. Akacheka. "Ndiyo hiyohiyo, baba. Ila wewe hukuwa na hadubini." Nikaomba radhi kwa kulinganisha elimu yake na jembe. Akasema jembe limesomesha watoto wengi, yeye mmojawapo.

Sindano za ganzi ziliuma, nami nikasema haziumi. Baada ya hapo sikuhisi kisu; nilisikia tu, kama mtu anayekata kitambaa kizito chumba cha pili. Wakanifunga bandeji, wakaniambia nikae nje, jibu litatoka baada ya saa moja hivi.

Kwenye benchi la kungojea nilimkuta mwanamke mwenye ngozi kama yangu, mtu wa Kasanga, muuza dagaa, jina lake Bi Zuhura. Alikuwa na kitambaa kikubwa kilichofunika shavu na taya. Nilimsalimu, nikamwomba radhi kwa kukaa karibu, nikamwomba radhi kwa begi lililogusa mguu wake. Akanigeukia. "Mzee wa juu," akasema, maana kwa watu wa ziwani sisi sote ni watu wa juu, "wewe umeomba radhi mara mbili na hatujajuana majina. Humo ndani ulikiomba radhi na kisu?" Nikakiri kwamba nilipokohoa nilimwomba radhi daktari. Alicheka mpaka akashika taya kwa maumivu. "Usinichekeshe tena," akasema, "mdomo wangu una kazi maalumu, ya kutukania wanunuzi." Nilifurahi kuketi naye. Tangu uondoke hakuna mtu aliyenichokoza.

Daktari akatoka. Ukingo haukuwa safi. Vidole vilikuwa vimebaki sehemu mbili, upande wa nyusi na upande wa jicho. Nikarudi ndani, akakata pale pawili, nikatoka tena. Saa nyingine ikapita. Umeme ukakatika, jenereta likanguruma, umeme ukarudi. Adhuhuri ikawa imekwisha kupita. Akatoka tena, akachuchumaa mbele yangu. "Upande wa nyusi umekwisha. Imebaki pembe moja, karibu na jicho. Ndogo sana, baba, ila ipo. Pumzika kidogo, natayarisha vyombo." Felista alikuwa amekwenda kunitafutia uji, hivyo hakumsikia.

Mlango wa maabara ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya yule mama anayekata vipande, akimwambia mwenzake, "Mimi leo hata chai sijaiweka mdomoni." Haikuwa lawama. Ilikuwa neno la mtu aliyechoka. Lakini lilinichoma kuliko sindano. Nilitazama benchi: watu sita bado, na mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Nikajiona mimi, mzee wa zaidi ya miaka sabini, nimekalia mikono ya watu wawili wenye ujuzi tangu asubuhi, kwa ajili ya pembe moja.

Nisamehe kwa hili linalofuata. Nilitoa daftari langu, nikachana karatasi kwa uangalifu, nikaandika. Naikumbuka neno kwa neno, maana niliitunga kama tulivyofundishwa. "Mheshimiwa Daktari. Naomba radhi kwa usumbufu wote niliowaletea tangu asubuhi. Mlichokwisha kukitoa kinanitosha kwa umri wangu. Tafadhali nafasi yangu apewe mwenye kuihitaji zaidi, na mama wa maabara apate chakula. Nawashukuru mno na Mungu awabariki." Nikaitia sahihi. Nikaikunja mara mbili, nikaiweka juu ya kiti changu, nikavaa kofia juu ya bandeji, nikaenda zangu kuelekea getini ili nimngoje Felista huko.

Sikufika mbali.

"Mzee wa juu! Unakwenda wapi na hiyo bandeji?"

Nikamwambia Bi Zuhura kwamba nimemaliza.

"Umemaliza au wamekumaliza? Nimemsikia daktari kwa masikio yangu. Imebaki pembe."

Nikasema nimewaaga kwa heshima, nimewaachia barua.

"Barua!" Alipiga makofi, na mlinzi wa geti akageuka. "Jamani, njooni mwone mambo ya Wafipa. Kamwachia daktari barua. Na kansa umeiachia nini, mzee? Kadi ya Krismasi?"

Mlinzi akacheka, nami nikaona haya, nikasema kwa upole kwamba kila mtu ana siku zake, na kwamba mimi siogopi kwenda. Hapo akaacha mzaha. Akaniuliza, "Huko unakokwenda nani anakungoja?"

Nikasema, "Mke wangu."

Mama Felista, sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na nilipolisikia nikajua ndilo la kweli. Mama wa maabara alikuwa na njaa, ni kweli. Wagonjwa walikuwa wengi, ni kweli. Lakini barua yangu ilikuwa ya uongo. Mimi nilikuwa nimechoka na nyumba. Nilikuwa nimechoka na kikombe kimoja, na Jumamosi zisizo na mtu dirishani, na pale getini nilikuwa nimeanza safari ya kuja kwako huku nikiiita adabu. Mtu anaweza kuomba radhi maisha yake yote ili asiulizwe anataka nini. Naandika hili kwa haya.

Bi Zuhura alikishika kile kitambaa cha shavuni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea kwake, "Mimi leo asubuhi nimeambiwa yangu imeingia mfupani. Kisu hakiiwezi tena. Wananipeleka Dar nikapigwe mionzi, tuone. Mzee, ningepewa hiyo pembe yako moja, ningerudi mle ndani nikikimbia."

Hakunishika mkono wala kunisukuma. Alisimama tu, na kile kitambaa shavuni. Alikuwa akinitania pale kwenye benchi akiwa tayari amekwisha kuambiwa. Nami nilikuwa nakitupa getini kitu ambacho yeye angekipokea kwa mikono miwili.

Nikageuka. Nikarudi.

Daktari alikuwa amesimama kando ya kiti changu, karatasi yangu mkononi, amekwisha kuisoma. Nikaanza kuomba radhi. Akainua kidole. "Baba, ni barua nzuri. Mwandiko wenyewe nimeupenda. Sasa lala." Na yule mama wa maabara alitoa kichwa mlangoni, mdomo umejaa andazi, akasema, "Mzee, mimi nakula. Umeridhika? Leta hicho kipande."

Kilichokatwa mara ya tatu kilikuwa chembamba kama ukucha wa mtoto. Safari hii sikutoka nje. Nililala palepale kitandani, Felista kanishika mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu naye, kikombe cha uji kikipoa dirishani. Sikusali nipone. Nilijua sina haki ya kuomba nilichokuwa nimekikimbia muda mfupi uliopita. Nilitaja majina tu: lako, la Felista, la Zuhura. Saa ile ilikuwa ndefu kuliko mbili zilizotangulia.

Daktari aliingia na ile ramani yake. Pembe ya mwisho alikuwa ameizungushia kalamu ya kijani. "Safi," akasema. "Kote safi, baba. Jicho halikuguswa." Nililia, na Felista akalia, na daktari akasema ni vizuri nilie, maana anaona tezi ya machozi nayo ni nzima. Kisha akavuta ngozi ya shavuni akaipindisha ifunike shimo, akashona, na hiyo ndiyo ndoana niliyokutajia mwanzoni.

Hapa nyumbani mambo yamebadilika kidogo. Mvua zimeanza. Felista anakuja Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Ananikalisha dirishani, anaanza na masikio. Vidole vyake vina haraka kuliko vyako, lakini vinajifunza. Amenishonea kofia moja, ukingo umepinda upande mmoja, naivaa hivyohivyo. Jumamosi nyingine najitazama kwenye kioo nilichonunua, na nyuma ya shingo nimemwomba mke wa jirani anitazamie. Ilinichukua siku nne kumwomba. Alinijibu, "Mzee, si useme tu?"

Shemeji Apolinari alikuja kunitazama. Alikaa nusu siku nzima akizungumza habari za mbolea, na kovu hakulitaja hata mara moja, ingawa alilitazama kila nilipogeuka. Nilipomsindikiza uani, nilijisahau nikashika kofia ili nimvulie. "Rudisha," akasema, kwa ukali kabisa. Nikairudisha. Akatembea hatua kadhaa mbele yangu bila kugeuka, kisha nikamwona anajifuta uso kwa kiganja. Naye ni mzee, na alikupenda.

Kwako sasa nakuja alfajiri, au jioni jua likishazama, na nikija mchana nakuja nimevaa. Najua hukuwahi kudhani ni dharau.

Bi Zuhura yuko Dar. Tunazungumza kwa simu. Amekonda, anasema, na chakula hakina ladha, lakini wiki iliyopita alimtukana muuza samaki wa huko kwa kuwaita dagaa wale anaowauza, eti dagaa ni wa Kasanga tu, nami nikachukua hiyo kama habari njema. Namwombea kila siku. Wewe pia umwombee, kama huko mnaruhusiwa kutaja majina. Kuna deni moja ambalo siwezi kumlipa: nimepewa kilichokuwa hakipo kwake, na yeye ndiye aliyenirudisha nikipokee. Nimejifunza kutomwomba radhi kwa hilo. Namwuliza tu hali yake, na nasikiliza jibu lote.

Daktari ametaka nionekane kila baada ya miezi mitatu, na amesema mahali popote pakikwaruza nisingoje. Nimemwahidi, na sasa nakuahidi na wewe, maana ahadi niliyompa yeye ningeweza kuivunja kwa adabu. Nitakwenda. Nitakaa kwenye benchi mpaka niitwe. Wakisema bado, nitarudi ndani. Sitaacha barua kwenye kiti.

Mke wangu, nilikuwa nimekusudia kuja kwako mwaka huu. Hukunituma, wala hukuniita, nilijialika mwenyewe. Nimeghairi. Kuna Felista, kuna mimea imeota, kuna mwanamke Dar anayengoja simu yangu kila Jumapili. Naomba radhi, na hii ndiyo radhi pekee ninayoiomba leo kwa moyo wangu wote: nitachelewa. Huenda nikachelewa sana. Keti mahali pazuri, Mama Felista. Usinisubiri umesimama.

Mumeo akupendaye,
Baba Felista